Jina la Kwanza Kwenye Orodha

"...na usiniambie hukujua, Mama Lorine, kwa sababu wewe ndiye uliyenitoa jikoni nikiwa na unga mikononi." Nduta hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Khavere kuliko kelele.

Walikuwa wamesimama mbele ya kibanda cha mabati ambacho Nduta alikiegemeza kwenye nyumba yake ya kaunsili pale Kaloleni, akawa anashonea humo sare za shule. Ubavuni rangi nyekundu ilikuwa bado inachuruzika: X kubwa kama mlango. Ukishapigwa X, siku ya tingatinga huulizwi kitu.

Khavere alijitetea. Kwani nani hakutaka basi jipya la abiria? Mumewe Patrobas huenda kazini Industrial Area kwa miguu kila asubuhi, akiyapita magari yaliyokwama, kila moja limebeba mtu mmoja. Ndiyo maana watu wa mradi walipoleta michoro ya basi refu lenye njia yake peke yake, yeye, ambaye nyumba yake haijawahi kukosa wageni, alizunguka mlango kwa mlango akiwaita watu ukumbini. Soda ipo, mkate upo, unatia tu sahihi kwamba ulihudhuria. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Sasa orodha ileile ilikuwa imebandikwa mlangoni pa ukumbi, sahihi zilezile, ila juu yake yamechapwa maneno mapya: Wakazi waliokubali kuhama kupisha njia ya basi.

Khavere alisisitiza kwamba basi bado litasaidia, jiji haliwezi kuendelea hivi. Nduta akaionyesha barabara kwa kidevu.

"Wenye magari wana njia nne pale. Si wangeombwa moja? Hao hakuna aliyewapelekea soda." Akashika mlango. "Basi litakuja, Mama Lorine. Wa kulipanda ndio hawatakuwepo."

Akafunga. Cherehani haikulia.

Khavere alirudi kwake, nyumba ya tatu kutoka hapo, akipita X baada ya X. Kwa mazoea alisonga ugali wa watu wanane. Saa saba ikafika, hakuna aliyebisha hodi. Alipochungulia nje, aliwaona majirani wamesimama kwenye milango yao, wote wanautazama ukuta wake. Ulikuwa safi. Akaelewa wanachokiwaza.

Hapo ndipo alipofika mpiga rangi wa mradi, mzee mwenye koti la kumetameta, kopo mkononi.

"Wewe ndiye Khavere? Jina lako ndilo la kwanza. Nimeambiwa ukuta wako nisiuguse." Alisema kwa heshima, na kwa sauti iliyofika kila mlango. "Wanauliza kama Jumamosi utawaitia watu wa mtaa unaofuata."

Khavere aliichukua brashi mkononi mwa yule mzee, akaichovya, akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona ya ukuta wake, kisha wa pili. Rangi ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Mzee akatazama kidogo, akatoa daftari, akaandika namba ya nyumba.

Kule barabarani kitu kizito kilikuwa kinashushwa kutoka kwenye lori, chuma kikisaga chuma. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Mlango wa Nduta ukafunguka. Aliiangalia ile X kwa muda mrefu, bila kutabasamu.

"Nawa hiyo mikono," akasema. "Nina githeri. Ingia ule."