Historia ya Mjumbe Felician

Felician Sulle alikuwa mtu wa Dongobesh, na miaka kumi aliyokaa kwenye tambarare za Hanang hakuwahi kumwogopa mtu. Siku hiyo aliogopa fomu. Ndiyo, karatasi! Nicodemo, bwana afya kutoka wilayani, alikuja kuunda kamati ya zahanati mpya, akataka kila mjumbe asimame mbele ya mkutano aeleze historia yake iandikwe kwenye fomu: katoka wapi, kafanya kazi gani, kwa nini anafaa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Benedikta, mkunga. Tambarare nzima hapakuwa na mkunga mwingine, na Juliana, binti pekee wa Felician, alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua, mtoto kakaa vibaya tumboni. Mama yake Juliana alikufa kwa shida hiyo hiyo, njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Felician hakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

"Nimebeba mimba tano," alisema Benedikta. "Watoto wanne wapo. Wa tano aliuawa humu tumboni, mwaka ule shamba la ngano lilipotufungia njia ya maji. Nilikatiza kwenye ngano na debe langu kichwani, mlinzi akanikuta. Alikuwa amejifunga kitambaa usoni kwa vumbi la mashine. Baada ya hapo nikajifunza ukunga, ili wa wenzangu wapone."

Felician akaona yote upya. Rungu likimshukia yule mama mgongoni. Debe likianguka. Na kiatu chake mwenyewe cha kazi, chenye chuma mbele, kikiingia tumboni mara ya kwanza, mara ya pili, huku anacheka, jamani, anacheka! Kisa? Msimamizi alikuwa anatazama, na yeye alitaka aonekane mlinzi hodari. Yule mama alitambaa akiacha damu kwenye mabua. Felician akafuta kiatu, akaenda kula.

"Felician, zamu yako," aliita Nicodemo.

Wiki nzima alikuwa amejiandaa kusema aliendesha trekta. Nani angembishia? Shamba lilikuwa na watu wengi mno. Lakini alimfikiria Juliana amelala mbele ya mama huyu, na mama huyu hajui anamzalisha mtoto wa nani. Moyo ukakataa.

"Nilikuwa mlinzi wa shamba," alisema. "Mwenye kitambaa ni mimi."

Weee! Gidamis, mume wa Benedikta, hakungoja neno la pili. Fimbo ilimpata Felician mdomoni, meno mawili yakaruka. Ya pili ikamvunja mkono alioinua kujikinga, na watu wakausikia mfupa ukilia. Akaanguka. Wanaume wakamvamia kwa fimbo na mateke, kila mmoja na hasira zake za ng'ombe waliokamatwa shambani na makaburi ya wazee yaliyolimwa na matrekta. Na bwana afya wetu, mtu mzima na tai yake, alikuwa chini ya meza kakumbatia fomu!

"Acheni!" Benedikta alipiga kelele. "Aliyeumizwa ni mama. Kesi hii ni ya wanawake!"

Fimbo zikasimama hewani. Huko, mwanamume akimuumiza mama, wanawake ndio wanaokaa kumhukumu, na mume anayeingilia naye hutozwa faini. Gidamis akashusha fimbo, akarudi nyuma. Wanawake wakatoka nje, wakakaa kwenye nyasi, wakarudi na hukumu: faini ya dume jeusi la ng'ombe, na Felician alilete mwenyewe kwa mkono uliobaki.

Felician alitema damu. "Mama, dume nitaleta. Mkitaka kuniua, niueni. Juliana hana kosa."

Benedikta akachuchumaa mbele yake.

"Unadhani nimekujua leo? Nilikujua kwa kicheko chako, siku ile ulipopita kwangu ukiniamkia shikamoo, ukamtania mbuzi wangu, ukacheka. Nikakuitikia marahaba, nikaingia ndani nikatapika. Ningemwambia Gidamis angekuua, naye angenyongwa, na wanangu wangebaki na nani? Miaka yote nimesubiri useme mwenyewe."

Akamgeukia Nicodemo, aliyekuwa anajipangusa vumbi magotini.

"Andika. Alimpiga Benedikta mateke, mtoto akafa. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Sasa andika kwamba ni mjumbe. Kila mama mwenye mimba atakayeletwa zahanati hii, huyu ndiye atakayempokea mlangoni."

Wanaume wakanung'unika. Hakuwajali.

"Na Juliana?" aliuliza Felician.

"Mlete, nitamzalisha. Nitamgeuza huyo mtoto kwa mikono hii, na Mungu akijalia atatoka mzima. Wewe utakaa nje ya mlango, umsikilize akilia." Akainuka, akakung'uta kanga yake. "Wangu hakulia."