Damu Iliyosingiziwa

Ngumi ilimwingia Cheche chini ya kitovu, pale pale palipokuwa pakimnyonga tangu alfajiri. Machozi yakamlenga. Akamkumbatia Tofali asije akaanguka, akaiuma kinga ya meno mpaka taya likamlegea.

“Vipi, dada? Leo uko sawa kweli?” Tofali alimnong’oneza. Nje ya ulingo alikuwa dereva wa tingatinga, mtu mpole hata kuku hamfukuzi. Ndani ya ulingo alipiga kama alivyoagizwa.

“Piga, acha maswali,” Cheche akasema, akamsukuma.

Jina la Cheche alilipatia kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwanamke pekee katika karakana ya mafundi tisa, na mikono yake ilijaa madoa ya moto mpaka kwenye viwiko. Ndondi alianza akiwa na miaka ishirini na moja. Sasa alikuwa na ishirini na sita, ameshinda mapambano saba, amepoteza mawili, na Jumamosi alasiri alikuwa apande kugombea mkanda wa uzito wake. Na Alhamisi hiyo, siku nne kabla ya kawaida yake, akaingia hedhini.

Hakumwambia mtu. Klabuni kwao kulikuwa na sheria moja ambayo Mwalimu hakuipunguza hata nukta: mwanamke aliye katika siku zake hapandi ulingoni, hagusi begi, haruki kamba. Anakaa kwenye benchi karibu na mlango, anawahesabia wenzake raundi. Kila mtu aliijua sababu. Miaka kumi na tisa nyuma, mke wa Mwalimu, naye bondia, alianguka ulingoni katika raundi ya tano na hakuamka tena. Alikuwa katika siku zake, Mwalimu alisema, na hakumwambia. “Damu ikitoka chini, kichwa kinabaki kitupu,” alizoea kusema huku sauti ikimtetemeka. Nani angebishana na mgane?

Kwa hiyo Cheche akavaa pedi, juu yake kaptula mbili, kiwiliwili akakifunga nailoni ya kumtoa jasho, na sweta zito juu ya nailoni. Uzito wake ulikuwa umezidi kiwango kwa kilo moja na nusu. Tangu Jumanne jioni Mwalimu alikuwa amemkataza maji. “Utakunywa ukishashuka kwenye mizani,” alimwambia. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mate yalikuwa mazito kama gundi.

Kengele ya raundi ya tatu ikalia. Tofali alikuja ameinama, Cheche akampisha, akamchapa pua kwa mkono wa kulia. Damu ikaruka kwenye turubai. Akamchapa tena, na tena, kwa hasira isiyokuwa ya Tofali hata kidogo, hadi jamaa akaanza kurudi nyuma akijikinga kwa viwiko vyote viwili.

“Simama!”

Mwalimu alikuwa ameshapanda. Mkononi alishika fimbo nyembamba aliyozoea kuwagongea vifundo vya miguu waliosimama vibaya. Hakuwa akiitazama pua ya Tofali. Alikuwa akilitazama doa la damu kwenye kaptula ya Cheche, kwa nyuma.

“Tangu lini?”

“Tangu asubuhi, Mwalimu. Lakini naweza. Maumivu yenyewe yanapungua nikicheza.”

Fimbo ikatua kwenye paja. Ya pili ikamkata mgongoni.

“Unaweza? Hata yeye aliniambia anaweza! Unataka kunifia mikononi na wewe?” Akamkamata kwa kofia ya kinga, akamvuta kuelekea kwenye kamba. Cheche akajikwaa, goti likapiga turubai, ukanda wa kofia ukamkaba koo. Pumzi ikakatika. Fimbo ikanyanyuka mara ya tatu.

Alichofanya baada ya hapo hakukipanga. Mguu wa kushoto ulijiweka mahali pake, kiuno kikazunguka, ngumi ya kulia ikatoka kama alivyofundishwa na mzee huyo huyo. Ikampata mdomoni. Mwalimu akakaa chini kwa kishindo, mdomo umechanika, jino limelala juu ya turubai mbele yake.

Begi moja tu liliendelea kubembea kwenye mnyororo wake.

“Mungu wangu,” Cheche akasema. “Mwalimu, nisamehe.”

Mwalimu hakumsikia. Alijiinua, macho mekundu, fimbo bado mkononi, akamwendea. Ndipo Mama Taulo alipopita katikati ya kamba na kusimama mbele yake.

Mama Taulo alikuwa mdogo wa marehemu mke wa Mwalimu. Kazi yake klabuni ilikuwa kufua taulo, kufunga vitambaa vya mikono na kuziba damu. Kuongea hakukuwa kazi yake, zingeweza kupita siku mbili usimsikie akisema zaidi ya “leta mkono.” Fimbo ilikuwa imeshashuka na haikurudi. Ikampiga shavuni, ikaacha mstari mwekundu uliovimba hapo hapo.

“Nipige tena, shemeji,” akasema, taratibu kabisa. “Halafu uwaambie hawa watoto dada yangu alikunywa maji lini mara ya mwisho.”

Mkono wa Mwalimu ukabaki hewani.

“Nyamaza.”

“Nimenyamaza miaka kumi na tisa. Ulimnyima maji siku tatu. Ulimfunga nailoni, ukamfungia stoo mchana wa jua kali ili apungue. Daktari alituambia sote wawili, mimi na wewe, pale koridoni: mwili ulikauka, na kichwa kilichokauka hakihimili ngumi. Siku zake zilikuwa zimeisha wiki nzima kabla ya pambano. Mimi ndiye nilikuwa namfulia, shemeji. Unataka kunifundisha mimi?”

Tofali alikuwa amesahau kujifuta, damu ikamdondoka kifuani tone baada ya tone.

“Kwa nini hukusema?” Cheche akauliza. Sauti ilimtoka kama kwaruzo.

“Kwa sababu alikuwa analia kila nikimtazama. Nikasema, mwache ashike kisingizio chake, kitamsaidia kuamka asubuhi. Mabinti wakikalishwa benchi siku chache, nikaona si kitu.” Akamgeukia. “Leo nauona ulimi wako, mwanangu. Ni ulimi ule ule mkavu wa dada.”

Akashuka, akarudi na chupa ya maji.

“Utazidi uzito,” Mwalimu akasema. Bado alikuwa amesimama, lakini maneno yalitoka kama ya mtu anayeota. “Utaukosa mkanda.”

Cheche akazivua glovu kwa meno. Akanywa mpaka maji yakamwagika shingoni, yakaingia ndani ya nailoni. Mwalimu alimtazama akinywa. Kisha akakaa pale pale ulingoni, akaziba uso kwa viganja.

Jumamosi mizani ilimkataa. Alizidi gramu mia nane, na mkanda ukagombewa na wengine. Waandaaji wakamwambia achague: arudi nyumbani, au apigane raundi sita na mwoka mikate mmoja wa uzito ulio juu ya wake, aliyeitwa Kinu, ambaye mpinzani wake hakutokea.

“Unaumwa?” Mama Taulo alimwuliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

“Kidogo. Siku ya tatu huwa si mbaya.”

“Basi mwili wako ndio useme. Ukisema basi, narusha taulo. Ukisema twende, twende.”

“Twende.”

Kinu alikuwa na mabega ya mtu anayekanda unga tangu utotoni. Katika raundi ya kwanza alimwangusha Cheche kwa ngumi ya ubavu iliyosikika mpaka viti vya nyuma. Mwamuzi akahesabu hadi saba. Raundi ya pili nyusi ikapasuka, na Cheche akapigana na jicho moja lililojaa damu. Raundi ya tatu aligundua kwamba Kinu hushusha mkono wa kushoto kabla ya kupiga. Akangoja ushuke, akampiga taya, akampiga ini, akamsikia akiguna kama mtu aliyebanwa na mlango. Kuanzia hapo wakawa wanapigana kama watu wanaogombea mlango mmoja wa kutokea. Hakuna aliyerudi nyuma. Raundi ya tano Kinu akapiga goti, akainuka akicheka na meno mekundu. Ya sita walimaliza wameegemeana, vichwa begani, wakipigana mbavuni kwa ngumi zisizo na nguvu tena.

Cheche alishindwa kwa pointi moja. Kinu alimshika mkono, akamwambia kwa mdomo uliovimba, “Wewe mwendawazimu. Usirudi uzito wangu.”

Mwalimu aliwakuta chumbani, Mama Taulo akishona nyusi. Naye Mwalimu alikuwa na mshono wake mdomoni. Alisimama mlangoni, hakuingia.

“Nilikuwa viti vya nyuma,” akasema. “Kila ulipoanguka nilisimama.”

Cheche akamtazama kwa jicho lililobaki. Alitafuta ile hasira ya Alhamisi hakuipata, wala huruma hakuipata. “Sitafundishwa na wewe tena, Mwalimu. Shikamoo nitakupa. Mazoezi, hapana.”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akautoa ufunguo wa klabu, akamnyooshea shemeji yake. Mama Taulo aliupokea, akakata uzi kwanza, ndipo akaongea.

“Mama yetu yu hai. Miaka yote hii anaamini binti yake alijiua kwa ukaidi. Kesho utakwenda kumwambia. Mimi nitakufikisha mlangoni. Kuingia, utaingia mwenyewe.”

Alikwenda. Bibi yule alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akiwa amekaa kitandani na shali mabegani. Kisha akamwuliza jambo moja tu: je, mwanangu aliomba maji? Mwalimu akasema aliomba. Bibi akamwambia atoke, na akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje, na Mama Taulo akaingia kwa mama yake, akafunga mlango.