Kona Isiyofikiwa na Kamera

Jumapili saa tatu na nusu asubuhi, Limi alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni pa chumba chake mtaa wa Nyasubi, anajibu komenti huku chai inapoa. Mama yake kule kijijini angejua kwamba binti haendi kanisani kwa sababu ya simu, wangekosana. Lakini Limi alikuwa amejifunza kwa taabu. Alipoacha kazi katika duka la vifaa vya umeme na kuanza kufunga kamera za ulinzi kwa jina lake mwenyewe, alibandika matangazo kwenye nguzo za Kahama nzima, na kwa miezi mitano akapata kazi mbili tu. Ndipo akaanza kujirekodi akiwa juu ya ngazi, ovaroli la bluu, kilemba cha njano, drili mkononi, akajiita Limi Kamera. Watu walianza kwa kumcheka, wakaja wakamzoea, kisha wakaanza kumpigia simu.

Klipu iliyomtoa ilikuwa ile ya kwa Mama Nelly. Mama Nelly alikuwa mjane aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo; walimletea mzigo nyumbani kwake Nyahanga, naye aliupeleka soko la madini siku za kazi. Limi alimfungia kamera nne, akaomba ruhusa ya kurekodi, akapewa. Akazunguka nyumba nzima na simu, akieleza kwa madaha: hii ya getini, hii ya sebuleni, hii ya stoo, hii ya nyuma. Hata mlinzi, mzee Mayala, alitokea kwenye picha akipunga mkono kwa aibu, fimbo kwapani. Limi hakutaja jina la mwenye nyumba wala mtaa. Aliona hiyo inatosha. Watu elfu sitini wakaitazama, na kazi zikaanza kuja kutoka Shinyanga mjini, Katoro, mpaka Geita.

Asubuhi hiyo alikuta komenti mpya chini ya klipu hiyo hiyo. Iliandikwa na mtu anayejiita Mwamba 77.

"Dada fundi, yule mzee mlinzi Jumapili anakuwa peke yake?"

Kidole kilishaanza kuandika jibu. Kilifika herufi ya tatu kikasimama.

Mteja gani anauliza hivyo?

Akarudi juu kutafuta jina hilo. Mwamba 77 alikuwa ameshauliza mara tatu, siku tofauti, katikati ya komenti za watu wengine, na mara zote Limi alimjibu kwa furaha. "Kazi safi dada. Ile ya nyuma inafika mpaka geti dogo?" Na yeye: "Hapana kaka, ukuta unakata kona, ila mteja kasema hapana shida." Akaweka na katuni ya kucheka. "Umeme ukikatika je?" Na yeye: "Picha kwenye simu zinapotea hapo hapo, ila kamera zinaendelea kurekodi dakika kumi na tano kwa betri. Ukitaka zaidi nakuwekea kubwa." "Zinarekodi kwenye simu au kwenye boksi?" Na yeye: "Kwenye boksi kaka, tumelificha stoo juu ya kabati."

Swali moja moja, lilikuwa swali la mtu anayetaka kununua. Yakipangwa pamoja, yalikuwa ya mtu anayetaka kuingia. Akafungua ukurasa wa huyo Mwamba. Hakuna picha. Hakuna klipu. Anamfuata mtu mmoja tu duniani, Limi Kamera.

Alikuwa bado na ruhusa ya kuona kamera za Mama Nelly kwenye simu yake, kwa ajili ya kuzikagua mwezi wa kwanza. Akazifungua. Mzee Mayala alikuwa amekaa juu ya dumu karibu na geti kubwa, redio sikioni. Kuku wawili. Jua. Hakuna kitu. Limi akapumua, na hapo hapo picha zote nne zikazimika kwa pamoja.

Aliinua macho kutazama taa ya chumbani kwake. Ilikuwa inawaka; haukuwa mgao wa umeme.

Akampigia Mama Nelly. Simu imezimwa, ibada inaendelea. Akapiga tena. Akatuma ujumbe, ukakaa bila kusomwa. Namba ya mzee Mayala hakuwa nayo. Akafikiria polisi, na mawazo yake yakakwama palepale: angewaambia nini? Nao wangeuliza nini, kama si nani aliyewaeleza wezi habari za kona na boksi?

Ni jambo ambalo baadaye aliona haya kulisimulia, lakini alilifanya. Alirudi kwenye komenti akafuta jibu lake la kwanza, lile la geti dogo. Akalitazama pengo lililobaki, swali bila jibu, akajiona kama mtu anayefagia damu wakati aliyejeruhiwa bado analia ndani. Akaacha stuli, chai na mlango wazi, akakimbilia kijiwe cha bodaboda.

"Nyahanga. Kimbiza, kaka yangu."

Dereva aliwasha pikipiki, akageuka kumwangalia. "Wewe si yule wa kamera? Wa Tiktok?"

Limi alipanda nyuma. Alishika shati la yule kijana kwa mikono miwili na kuhesabu dakika. Akifika, betri itakuwa imebakiza kidogo sana.

Geti kubwa la Mama Nelly lilikuwa limefungwa, kimya. Dumu lilikuwepo, redio ilikuwepo chini inaimba kwaya, lakini mzee hakuwepo. Bodaboda ilishaondoka. Limi alipita ubavuni mwa ukuta kuelekea nyuma, kanga inamnasa miguuni, na alipofika kwenye kona aliiona pikipiki isiyo na namba imeegemezwa ukutani. Geti dogo lilikuwa wazi kiasi cha mtu kupita kiubavu.

Akasikia sauti ya msichana kutoka ndani. "Sijui! Mama ndiye mwenye funguo! Jamani, sijui!"

Alikuwa Nelly, binti wa mwenye nyumba. Alipaswa kuwa kanisani na mama yake, lakini alikuwa ndani.

Limi alitaka kukimbia, tena alishapiga hatua mbili za kurudi. Wakimwona watamuua, hilo alilijua wazi kama jina lake. Kisha kikasikika kitu kinavunjika ndani, na Nelly akalia kilio kifupi kilichokatwa ghafla, na Limi akafungua kinywa apige mwano.

Mwano ni ile sauti ya Wasukuma ya kuita watu penye hatari. Mtoto huisikia akiwa mgongoni kwa mama yake na haimtoki. Limi aliwahi kuusikia siku ng'ombe wa babu yake walipoibwa, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuupiga. Wa kwanza ulimtoka mwembamba, ukafia kooni. Wa pili ulipasuka. Wa tatu ulitoka mzima, mrefu, ukapanda juu ya kuta na mabati, na kabla haujaisha mwanamke wa nyumba ya tatu aliupokea, na mwingine mtaa wa pili akaupokea kwake, na milango ikaanza kufunguka.

Wanaume wawili walitoka mbio kwenye geti dogo. Wa kwanza alimpiga Limi kikumbo akamwangusha, akarukia pikipiki, akatokomea. Wa pili, kijana aliyevaa shati jeupe la kitanashati kama mwanakwaya, alijikwaa kwenye kizingiti. Hakuinuka tena kwa hiari yake. Athanas, seremala wa jirani, alikuwa wa kwanza kumfikia, na nyuma yake walikuja watu na fimbo, na michi, na mawe.

"Mnaniua bure!" kijana alipiga kelele, damu inamtoka puani. "Muulizeni fundi wenu! Huyo hapo! Yeye ndiye katupa ramani!"

Fimbo zikasita. Kijana alitoa simu mfukoni na kuisukuma vumbini. Athanas akaiokota. Ilikuwa na picha za komenti zote, hata ile ambayo Limi alikuwa ameifuta. Athanas aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba: ukuta unakata kona. Dakika kumi na tano. Stoo juu ya kabati. Limi Kamera.

Watu wakageuka.

Limi alikuwa bado amekaa chini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona nyuso nyingi namna ile zikimtazama bila hata moja kucheka. "Ndiyo maana kafika wa kwanza," mwanamke mmoja alisema. Mkono ukamkamata begani, mwingine ukashika kilemba. Alitaka kueleza, lakini mtu mmoja nyuma alikuwa tayari ameuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mafuta ya taa.

"Ni kweli," Limi alisema hatimaye. "Niliandika mimi. Nilidhani ni mteja. Haki ya Mungu nilidhani ni mteja."

"Mwachieni!" Nelly alikuwa amesimama kwenye geti dogo, mdomo umevimba, nywele timtim. "Mwano kapiga nani? Nimemsikia kutoka ndani. Mwenzao angewaitia watu? Na mzee Mayala yuko wapi? Mbona mmesimama tu? Mzee yuko wapi?"

Swali hilo ndilo lililomwokoa. Watu walitawanyika kumtafuta, wakamkuta nyuma ya tenki la maji, amefungwa kwa waya wa umeme, mkono wa kulia umevunjika. Alikuwa hai. Wakati wanamfungua, polisi walifika, na yule kijana akachukuliwa angali anapumua. Limi naye akachukuliwa.

Alilala mahabusu usiku mmoja. Askari wa kike aliyemhoji alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha kuliko kelele za mtaani. Limi alimpa simu na maneno yote ya siri. Alimweleza na lile alilolifuta.

"Ulifuta kwa nini?"

"Niliogopa, afande."

"Uliogopa wezi?"

Limi alifikiri kidogo. "Hapana. Niliogopa kujulikana."

Askari aliliandika hilo bila kuinua kichwa.

Jumatatu mchana Mama Nelly alikuja kituoni akatoa maelezo kwamba fundi hakushirikiana na wezi. Walipotoka nje, Limi alipiga goti. "Shikamoo, mama. Nisamehe, mama."

"Marahaba. Inuka." Mama Nelly alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mwanangu kapigwa kofi na mtu aliyejua kabati langu lilipo. Najua hukukusudia. Lakini usiku kucha nimekuwa nikisikia sauti yako ile ya kwenye simu, unachekacheka, unawaonyesha nyumba yangu." Akafungua mlango wa gari. "Kesho uje utoe kamera zako. Nitatafuta mwingine."

"Sawa, mama."

Mzee Mayala alihamishiwa hospitali ya Kolandoto, kwa kuwa binti yake aliishi jirani nayo na angeweza kumpelekea uji. Limi alisafiri kwenda kumwona, amebeba machungwa. Alimkuta ameketi kitandani, mkono ndani ya plasta.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya tenki nakusikia." Mzee alitikisa kichwa. "Ule mwano wa kwanza nilidhani ni mbuzi."

Limi alicheka, na katika kucheka huko machozi yakamtoka, akashindwa kuyazuia. Mzee alimsubiri. Kisha akauliza kama ile picha yake bado ipo.

"Nimeifuta, baba. Lakini kuna kurasa nyingine zilishaichukua. Nimewaandikia waitoe, hawajibu."

"Kwa hiyo bado ninawapungia mkono."

"Ndiyo, baba."

Mzee alimenya chungwa kwa mkono mmoja na meno.

Yule mwizi aliyetoroka kwa pikipiki hakukamatwa. Kwa hiyo Limi alilala akiwa amesukumia meza mlangoni, na mchana, kila pikipiki ilipopunguza mwendo karibu yake, aligeuka kuangalia kama ina namba. Akakaa na simu akahesabu klipu zake. Zilikuwa za nyumba kumi na moja. Kumi na moja, zenye mageti, stoo na kona zake, na sauti yake mwenyewe ikizitembeza. Alizifuta zote, akajua kuwa kuzifuta hakutoshi, akabeba ngazi na drili na kuanza nyumba ya kwanza, ya Herman, mwenye duka la dawa hapo hapo Nyasubi.

Herman alimsikiliza akiwa ameshika geti nusu wazi. Uso wake ulibadilika taratibu, kutoka tabasamu la kumkaribisha fundi hadi kitu kingine.

"Yaani wewe ndiye wa ile habari ya Nyahanga?"

"Ndiye mimi. Nataka kuhamisha kamera zako, na boksi. Bila malipo. Ukitaka fundi mwingine nitaelewa, kaka, lakini zihamishwe. Leo."

Herman alitazama kulia na kushoto mwa barabara. Akatazama juu, kamera iliyokuwa imefungwa pembeni ya paa, mahali ambapo watu elfu ishirini na tano walikuwa wamekwisha kuonyeshwa. Kwa muda mrefu Limi alidhani atafungiwa geti usoni.

"Ingia," alisema. "Mke wangu asisikie kwanza."

Limi aliegemeza ngazi ukutani. Alipopanda, ngazi ilicheza ikagonga tofali, na Herman akaja kuishika kwa mikono miwili bila kuambiwa. Alipofika juu na kugusa skrubu ya kwanza, pikipiki ilisikika barabarani, upande wa pili wa ukuta. Ikapunguza mwendo. Wote wawili walisikiliza, yeye juu na drili mkononi, Herman chini ameinamisha kichwa, mpaka sauti ilipopita na kupotea kabisa kuelekea sokoni.