Kicheko Kilichorushwa Hewani

Wenye fedha walitaka timu ya mchanganyiko, na redio moja ya mji wa Baraka, Kongo, ikawapa mchanganyiko: Wabembe watatu, wenyeji wa hapo, na Mrundi mmoja, Dévote, kutoka kambi ya wakimbizi. Kazi yao ilikuwa kutunga mchezo wa redio juu ya wenyeji na wakimbizi. Picha ikapigwa, Dévote kawekwa katikati. Baada ya picha hakuna aliyemuuliza neno.

Na neno alikuwa nalo. Jirani yake kambini, mama Immaculée, alilima shamba la mwenyeji mmoja msimu mzima kwa ahadi ya kupewa mihogo. Siku ya kuichukua akaitwa mwizi, akapigwa. Alimtuma Dévote akaiseme habari hiyo redioni, na Dévote akamwapia kwamba redio itausema ukweli huo. Casimir, mkuu wa timu, aliipenda sana habari hiyo, ila alikuwa na mtindo wake wa kutoandika mwisho.

"Mwisho tutaikuta mbele ya micro, tukirekodi," alisema. "Muntu akijua mwisho mapema, mchezo haina ladha tena."

Haya, mambo ya wasanii. Lakini asiyejua aendako hurudi njia aliyoizoea. Siku ya kurekodi, Arlette, mwigizaji hodari kwelikweli, alibana pua, akakivunjavunja Kiswahili kama Mrundi aliyefika jana, na yule mama aliyemwigiza akaungama kuwa mihogo aliiiba. Bertin wa mitambo alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kisha wote wakamgeukia Dévote. Aibu ilimshika. Alivyolelewa, ukiaibishwa kwa mwenyeji wako hulii wala hugombi; unaziba mdomo kwa kiganja, unacheka. Akacheka.

"Munaona? Hata Dévote anacheka," Casimir akasema. "Iko bien, muzuri kabisa, tunatuma hewani vile vile na kicheko yake."

Baadaye Dévote alimfuata uani. "Papa Casimir, ile mama hakuiba."

"Lakini si we ulicheka?"

Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililomuuma Dévote. Laiti Casimir angekuwa mnafiki, Dévote angejua pa kumshika.

Jumamosi mchezo ulirushwa. Immaculée alikuwa amewaita wanawake wa mstari wake wa vibanda wasikilize pamoja. Dévote alipofika kambini jioni alimkuta peke yake mlangoni, anamenya viazi, wala hakuinuka kumpokea.

"Ulipoanza ule uongo," Immaculée alimwambia kwa Kirundi, "niliwaambia wenzangu wewe hukuwepo. Nikasema, wamemfukuza mtoto wangu, angekuwepo asingekubali. Halafu tukasikia unacheka."

"Mama, hakikuwa kicheko cha furaha."

"Najua kilikuwa kicheko gani. Mimi nami nilicheka hivyohivyo waliponiita mwizi. Wakasema, mtazameni, hata haya hana, ndipo wakanipiga." Akachukua kiazi kingine. "Ndiyo maana nilikutuma wewe: unakijua, ungewaeleza."