Maji ya Kwenye Runinga

Ifahamike kwa wananchi wote wa Korogwe, wa Handeni, na hata kwa abiria wanaopita Segera wakiwa wamelala, kwamba sanaa ya michoro mjongeo, yaani katuni za video, imepata bingwa, na bingwa huyo ni Husna Mhina. Muhula wa kwanza, bingwa huyo alishika mkia darasani kwa kuchora mpira unaodunda.

"Huu mpira au puto?" aliuliza Mwalimu Kaleb mbele ya darasa zima, pale chuoni Kilole. "Ukianguka hauumii. Upe uzito, Husna."

Husna alirudi hosteli, akashinda jioni nzima akiangusha malimao sakafuni, akiangalia yanavyokimbia yakikaribia chini na yanavyosita kidogo yakifika juu. Chumba kikanuka limao. Akachora upya, fremu kwa fremu. Safari hii mpira ulidunda, ukadunda tena, ukatoka kwenye kioo cha kompyuta na kushuka ngazi.

"Mwenye mpira wake!" Maryamu, anayelala kitanda cha juu, alipiga kelele kutoka bafuni. "Mtu atavunjika kiuno huku!"

Mwalimu Kaleb aliubonyeza kwa kidole gumba, akasema sasa una uzito, akampa alama. Kazi ya pili ilikuwa tangazo la mgahawa, na kuku wa kwenye tangazo akataga mezani kwa mpishi. Yai lilikuwa dogo. Husna alikubali kwamba sehemu ya mkia aliifanya kwa haraka.

Ndipo ikaja kazi ya kumalizia chuo. Ofisi fulani, ambayo haitatajwa hapa kwa sababu msimulizi bado anaipenda ngozi yake, ilitaka video fupi ya kuzindua mradi wa maji nje ya Kabuku: bomba, maji, akina mama wanatabasamu. Husna aliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema. Bomba hilo lilikuwa kwao. Lilisimama karibu na mlango wa mama yake, limepakwa rangi ya bluu, na tangu lije halijatoa hata jasho. Mama yake, Bi Mwanaisha, bado alikuwa akienda lamboni na ndoo, na shingo ilikuwa imeanza kumsumbua. Husna alitaka ile shingo ipumzike. Aliwaza kwamba video ikipendeza sana, wakubwa wataona haya kuzindua bomba kavu, nao watafungulia maji.

Alipofika nyumbani alichukua jembe kwanza, akachimba chini ya bomba ili aone maji yatapitaje, maana siku hizi hachori kitu asichokitazama. Hakukuwa na pa kupita. Bomba lilikuwa limechomekwa ardhini kama kijiti cha muhogo.

"Usifukue sana," alisema Bi Mwanaisha. "Litaanguka, halafu waseme sisi ndio tumeliharibu."

Basi Husna akamfuata mama yake lamboni, akatazama maji huko. Maji yake ya kwanza yalimwagika kama unga. Ya pili yalikuwa mazito kama uji. Ya tatu yalikuwa maji, na yalitoka kwenye kompyuta, yakaubeba mkeka na vifaranga hadi uani.

Bi Mwanaisha alisimama mlangoni, kanga imelowa hadi magotini.

"Mwanangu, nani kakufundisha kubeba maji?"

"Mwalimu Kaleb, mama."

"Huyo hajawahi kujitwisha ndoo. Majani yako wapi?"

Wanawake wa huko wakijaza ndoo huweka kijitawi chenye majani juu ya maji, ili yatulie njiani yasimwagike. Husna alijua hilo tangu utotoni. Aliyaacha majani makusudi, akidhani kwenye video yataonekana kama uchafu. Akakaa chini akayachora, jani kwa jani, yakizunguka polepole ndani ya ndoo. Maji yakatulia. Tangu hapo yalitoka pale tu mtu alipokinga chombo.

Siku ya uzinduzi, mkubwa wa ofisi alikata utepe na kufungulia bomba la bluu. Likakohoa, akatoka mjusi. Watu wakapiga makofi. Kisha runinga iliyotundikwa juu barazani kwa Bi Mwanaisha ikawashwa, video ikaanza, na ndoo ya kwanza ikajaa.

Naipanoi, ambaye familia yake inafuga ng'ombe ng'ambo ya barabara, alionja.

"Matamu," alisema. "Lakini ng'ombe atanywaje huko juu?"

Runinga ikashushwa.

"Shikamoo, mzee," Husna alimwambia mkubwa. "Samahani. Hili bomba halijaunganishwa. Nilichimba nikaona."

"Marahaba, binti. Wananchi wanachota maji, hawachoti?"

"Wanachota."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Akapanda gari, na mradi ukahesabiwa kuwa umekamilika.

Husna alipata alama za juu kuliko wote. Mwalimu Kaleb aliyasifu sana majani. Runinga ilibaki barazani kwa Bi Mwanaisha, ambaye shingo yake sasa inageuka pande zote, na anaitumia kuchungulia foleni. Umeme ukikatika watu husubiri. Ukiisha, huchangia kununua umeme wa LUKU. Husna anachora video ya hori la ng'ombe, na anasema hajawahi kufanya kazi tamu kama hiyo. Bomba la bluu wanafungia mbuzi.

Msimulizi alikusudia kumalizia hapa kwa kuikemea vikali ile ofisi, ila amekatizwa.

"We kijana!" anasema Bi Mwanaisha. "Unaandika nini hapo? Dumu lako linafurika, wenzio wamesimama. Na hilo la pili ulilolikalia ni la nani?"

Ni langu. Yote mawili ni yangu, ingawa kila mtu anaruhusiwa moja tu. Na kwa kuwa nimeshakamatwa, niseme na lililobaki: juzi mtu wa ile ofisi alipopita kuuliza kama bomba linatoa maji, aliyejibu "Linatoa!" kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.