Penalti ya Tano

Jumapili hiyo, baada ya misa, wanafunzi wa zamani wa Koleji Saint-Anselme ya Bukavu walikutana kwenye chumba cha nyuma cha saluni moja ndani ya Galerie d'Ixelles, mtaa wa Matonge jijini Brussels, wakaketi kama watu waliofiwa. Hakuna aliyevua koti. Papa Désiré, mwenyekiti wao, alisali sala fupi ya kuomba subira, na mtu mmoja akaitikia "Amina" kwa sauti ya chini kabisa, utadhani maiti iko chumba cha pili.

Maiti yenyewe ilikuwa kombe. Wiki moja kabla, timu ya koleji yao ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Makoleji kwa mara ya kwanza, ikatoka sare ya bao moja kwa moja, kisha ikashindwa kwa penalti.

Mauwa alikuwa amesimama kwenye meza ya chakula, akifunua sufuria za wali, samaki na sombe ya majani ya muhogo. Yeye hakusoma Saint-Anselme. Enzi zake koleji ile, shule ya sekondari, ilikuwa ya wavulana tu. Alikuja kila mkutano kwa sababu kocha wa timu, Mwalimu Waziri, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na kwa sababu aliamini kwamba watu wakigombana huku wanakula, ugomvi haufiki mbali. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, wajukuu wanne, na kazi katika nyumba ya wazee kule Woluwe. Leo wangepiga kura kama Waziri abaki au aondoke.

Barua ya kumwondoa ilikuwa tayari. Papa Tshibangu aliiweka mezani mbele yake, ndani ya plastiki, isije ikadondokewa na mafuta. Tshibangu alikuwa mtu mrefu, mkali wa maneno, anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini. Mipira, viatu na jezi za timu vilitoka kwa hawa watu wa Brussels, kwa hiyo neno lao lilikuwa na uzito kwa mkuu wa koleji. Barua ikifika, Waziri angebaki mwalimu wa hesabu, basi. Na Waziri alikuwa mjane asiye na mtoto. Tangu vita viingie mjini, kila siku saa kumi alasiri alisimama uwanjani akisubiri vijana wake wafike mmoja mmoja. Wengine walikuja kwa ajili ya mpira. Wengine walikuja kwa sababu saa kumi hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mauwa alijua kwamba kumnyang'anya ndugu yake saa ile kungekuwa kumnyang'anya siku nzima.

"Bon," akasema Papa Désiré. "Tuongee kama bantu bakubwa. Cédric, soma."

Cédric, kijana mchangamfu aliyemaliza koleji miaka michache tu iliyopita, alikuwa na hesabu zote za timu kwenye simu yake. Akasoma. Miaka miwili iliyopita walitolewa raundi ya kwanza kwa six-zéro, yaani sita kwa bila. Mwaka uliofuata, robo fainali. Mwaka huu wamefika fainali, na katika mechi zote wamefungwa mabao manne tu.

"Donc tunapanda," Cédric akamalizia. "Muntu anayepanda mulima hamumusukume."

"Anapanda anaenda wapi?" Tshibangu akauliza. "Weye ulishaona wapi banaweka maendeleo ndani ya kabati? Banaweka kombe!"

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kwamba wamecheka.

"Papa Tshibangu," akasema Désiré, "mutoto hazaliwi anakimbia."

"Sikatai, Prezida. Lakini mutoto alishafika mulangoni, njo baba yake mwenyewe akamufungia! Penalti ya tano. Tuko na Kabamba, mabao kumi na moja mwaka huu. Hata adui banajua ya tano ni ya Kabamba. Alors kocha anamutuma nani? Aristote! Aristote wa nyuma, mutoto ambaye hata kurusha mupira na mikono anaangalia kwanza miguu yake!"

"Alipiga mawingu," Cédric akakubali kwa huzuni. "Ule mupira banautafuta mupaka leo."

"Kuko moja kati ya mbili. Ao kocha alikosana na Kabamba, ao amezeeka. Yote ni mubaya." Tshibangu akagonga barua yake kwa kidole. "Sina chuki naye. Naongea mupira."

Papa Désiré akageuka kwenye meza ya chakula. Alikuwa mtu wa adabu, hakupenda mtu asemwe mbele ya ndugu yake bila ndugu kupewa nafasi.

"Maman Mauwa, mutusamehe. Weye njo dada yake. Alikuambia nini juu ya ile penalti?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

Alikuwa ameambiwa yote. Waziri alimpigia siku ya Jumatatu, saa ya mapumziko, yeye akiwa ameketi kwenye ngazi nyuma ya jiko la nyumba ya wazee. Alimwambia kwamba dakika za mwisho za mechi tairi la lori lilipasuka barabarani, nyuma ya uwanja. Wachezaji wote waliinama, halafu wakacheka kwa kupona. Kabamba hakucheka. Alibaki chini, na alipojaribu kuinuka, suruali yake fupi ilikuwa imelowa.

"Ana miaka kumi na saba, Mauwa," Waziri alisema. "Mbele ya watu wote wale, na wasichana wa shule ya lise wako mstari wa kwanza. Ile siku bantu ba bunduki baliingia kwao…"

"Sasa ubaambie hawa ba huku! Batakuondoa."

"Neno likisemwa Matonge asubuhi, magharibi limeshafika Bukavu. Afadhali baniondoe mimi. Mimi ni muntu muzima, nitazoea. Yule mutoto akichekwa hatarudi uwanjani, na mimi sijui ataenda wapi. Uniapie."

Akaapa. Na sasa watu ishirini walikuwa wanamtazama, wengi wao watu wema, waliomchangia ndugu yake sanda alipomzika mkewe. Sentensi moja tu ingemwokoa Waziri. Aliihisi mdomoni kama mwiba wa samaki.

"Alisema alimuona Kabamba amechoka," akasema.

"Amechoka!" Tshibangu akapiga kofi la mshangao. "Na kombe nalo, halijachoka kutungojea? Maman, mimi nakuheshimu, lakini ile si jibu."

Mauwa akachukua mwiko, akaanza kuugeuza wali ambao haukuhitaji kugeuzwa. Aliona jinsi vichwa vilivyoinamiana na kunong'onezana, akaelewa kwamba kunyamaza kwake kumemharibia ndugu yake kuliko barua yenyewe. Kama dada hana la kumtetea, ni nini tena.

"Tuangalie video, tumalize," akasema Désiré, akipumua.

Cédric akaunganisha simu na televisheni ya saluni. Picha ilitikisika, maana mpigaji alikuwa mtazamaji tu, lakini sauti ilisikika vizuri: ngoma, filimbi, vuvuzela, kisha mlio mmoja mkubwa, pah! Wachezaji wakainama wote kwa pamoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Halafu vicheko.

"Ni tairi tu," mtu akawaeleza wengine.

"Muone Kabamba," Cédric akasema, "anatafuta hereni ndani ya majani!"

Chumba kizima kikacheka. Mauwa akaushika mwiko kwa mikono miwili.

Kwenye picha mwamuzi alipuliza kumaliza mechi, na Waziri akaonekana akiingia uwanjani. Hakukimbia. Alitembea hadi mbele ya Kabamba, akapiga goti, akavua koti lake mwenyewe na kumfunga kijana kiunoni, mikono ya koti ikafanya fundo kwa nyuma na koti lenyewe likaning'inia mbele kama aproni. Kisha akasimama upande wenye watazamaji, akanyoosha kidole kuelekea mlimani, akimwonyesha Kabamba kitu fulani mbali sana.

"Voilà!" Tshibangu akasimama. "Ni finali, penalti inakuja, yeye anavalisha bantu nguo! Uyu ni kocha ao ni maman?"

"Na anamuonyesha nini kule?" Cédric akauliza. "Ndege?"

Wakacheka tena. Tshibangu naye alicheka, mdomo wazi. Halafu kicheko kikamwishia katikati, mdomo ukabaki wazi.

"Rudisha kidogo," akasema.

Cédric akarudisha.

"Rudisha tena."

Safari hii Tshibangu alisogea hadi karibu na kioo, mikono nyuma. Mauwa alimtazama mgongo, na akajua anaona nini, maana kazi yao ni moja. Mzee akijilowesha mezani mbele ya wenzake, humwendei mbio wala huiti mtu. Unamjia kwa mbele, taratibu. Unamfunika kiunoni kama mtu anayemkinga na baridi. Unasimama upande wenye watu, na unamwonyesha kitu dirishani, mti, gari, chochote, ili macho yake yapate mahali pa kukaa wakati aibu inapita. Mauwa alifundishwa hivyo na mama mmoja wa Rutshuru wiki yake ya kwanza kazini. Tshibangu alikuwa amelifanya jambo hilo kwa miaka kumi na tisa.

Akageuka. Hakuwatazama wenzake, alimtazama Mauwa. Mauwa akateremsha macho kwenye wali. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama kuteremsha macho ni kuvunja kiapo, na hakupata jibu.

Tshibangu akakohoa.

"Krampu," akasema.

"Nini?" akauliza Désiré.

"Kabamba alishikwa na krampu, musuli ulikaza. Inaonekana wazi. Na krampu ya vile muntu hawezi kupiga penalti. Kocha alifanya vizuri kumutoa."

"Krampu wapi, Papa Tshibangu?" Cédric akaruka. "Dakika moja kabla alikuwa anakimbia kama swala! Na krampu banafunga koti kiunoni?"

"Mimi niko hospitali miaka dix-neuf. Weye uko hospitali gani?"

"Mimi niko kwa simu yangu, na kwa simu yangu hakuna krampu!"

Vicheko vikapasuka, na safari hii vilikuwa vya kumcheka Tshibangu. Hakuzoea. Mauwa alimwona akijifuta paji la uso, lakini alibaki amesimama mbele ya televisheni, akiziba picha kwa mwili wake mrefu.

"Na barua?" Désiré akauliza. "Tupige kura juu ya barua."

Tshibangu akaitoa barua kwenye plastiki, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Niliandika na hasira. Mimi naipinga."

"Unapinga barua yako weye mwenyewe?"

"Njo mimi naijua kuliko bote. Ni barua mubaya."

Hata Papa Désiré alishindwa kujizuia. Alijifuta machozi ya kicheko, akaitisha mikono juu. Isipokuwa watu wawili, wote walinyoosha mikono ili Waziri abaki. Mmoja wa wale wawili alisema hawezi kumfuata mtu anayegeuka kama chapati, na kutoka siku hiyo Tshibangu akaitwa Dokta Krampu, jina lililomfuata Matonge yote hadi kwa vinyozi.

"Jambo moja, Prezida," Tshibangu akasema wakati watu wanaanza kuinuka. "Ile video, Cédric aikate. Abakishe bao letu, mwisho. Penalti na bile bya kabla yake afute, na abaombe ba kule nao bafute. Isije ikabarudia batoto bale maisha yao yote, kwa kukosa mupira mumoja."

Cédric alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaacha. Alifuta palepale, na kabla ya kuketi akaandika ujumbe kwa wenzake wa Bukavu, akiusoma kwa sauti ili wazee waridhike. Mauwa alimwekea kipande kikubwa cha samaki kwa ajili hiyo.

Tshibangu alikuja wa mwisho kuchukua chakula. Akashika sahani yake, asiondoke.

"Papa Tshibangu," Mauwa akaanza, "mimi…"

"Sikukuuliza kitu, Maman. Usiniambie kitu." Akangoja aongezewe sombe. Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyomfikia yeye peke yake: "Lakini tairi ilipasukia bote. Yule kocha, yeye nani alimufunika?"

Akaenda kuketi peke yake pembeni na sahani yake.

Mauwa akabaki na mwiko mkononi. Wiki nzima alikuwa amemwombea Kabamba asichekwe, na Waziri asiondolewe. Hakuwahi kuuliza mlio ule ulimfanya nini Waziri mwenyewe. Aliosha vyombo, akavaa koti, akatokea kwenye ukumbi wa maduka, ambako wasichana walikuwa wanasukwa nywele huku wakibishana na muuza vitambaa. Akapiga simu. Waziri aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Ulisema?"

"Sikusema. Na umebaki kocha."

Alimsikia akivuta pumzi ndefu. Kisha maneno yakaanza kumtoka mbiombio: kwamba Kabamba alirudi mazoezini Alhamisi, kwamba hakuna mwenzake aliyetamka neno, kwamba Aristote, pamoja na kukosa kwake penalti, humbebea begi hadi nyumbani kila jioni. Mauwa alimwacha amalize. Alifurahi kusikia habari ya begi.

"Sasa nakuuliza weye," akasema. "Ile siku bantu ba bunduki baliingia mjini, weye ulikuwa wapi? Hukuniambiaka."

Mtu alipita na mfuko wa mihogo akamwomba Mauwa njia, naye akasogea. Hakumharakisha ndugu yake. Alikuwa amezoea kuwangoja watu wazima wapate maneno yao.

"Nilikuwa darasani," Waziri akasema mwishowe. "Na batoto makumi tatu na mbili."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mauwa akatafuta ngazi karibu na duka lililofungwa, akaketi, akaisogeza simu sikioni vizuri.

"Niambie," akasema.