Leso ya Nasambu

Nasambu alikuwa na leso moja aliyosema atazikwa nayo. Ilikuwa ya kahawia na nyekundu, yenye maua makubwa kama sahani, na mumewe Wekoye aliinunua wiki ile binti yao Roselyne alipozaliwa. Zilikuwa mbili, doti kamili. Moja ilichakaa ikaishia kuwa tambara la kushikia sufuria. Ya pili Nasambu aliitunza.

Roselyne alibebwa kwa leso hiyo muda mfupi tu. Kabla hajaota jino, Wekoye alianguka kutoka juu ya trela la miwa karibu na Webuye, akafa. Nasambu hakuwa na shamba lake wala kisomo. Alimwacha mtoto kwa nyanyake huko Matulo, akaenda Bungoma mjini kutafuta kazi, na akapata ya uyaya katika familia ya Kihindi iliyokuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mtoto aliyekabidhiwa aliitwa Deepika. Nasambu alimfunga mgongoni kwa leso ile ile, akaenda naye sokoni, akamlaza, akamfundisha kutembea na kusema. Watu wa mtaa ule wakazoea kumwita Mama Dipika.

Roselyne alilisikia jina hilo siku nyanyake alipompeleka mjini kumsalimia mamake. Mwuza ndizi mmoja aliita, "Mama Dipika! Uko na wageni!" na mwanamke aliyegeuka alikuwa Nasambu. Mgongoni alikuwa na mtoto wa watu, mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe, amelala fofofo shavu likiwa kwenye bega lake. Roselyne alirudi Matulo na nyanyake. Nyumbani, nyanyake ndiye aliyemwita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu. Mamake mzazi alimwita Nasambu tu, kama watu wazima walivyomwita, na hakuna aliyemkataza.

Baadaye wazazi wa Deepika walihamia Kanada. Aliyebaki Bungoma ni Mahesh, baba mdogo wa mtoto, akiendesha duka. Nasambu alirudi Matulo na leso yake, akamkuta Roselyne ameshaanza shule na ameshazoea kutomhitaji. Waliishi vizuri, bila ugomvi, kama majirani wanaoheshimiana. Roselyne akakua, akaolewa Kitale, akafungua duka la dawa za mifugo. Deepika naye huko ng'ambo akasomea uhandisi, na baada ya miaka mingi zikaja habari kwamba amechaguliwa kuwa mwanaanga. Nasambu alizunguka Matulo nzima akiwaambia watu mtoto wake anaenda juu. Wageni walidhani anamsema Roselyne.

Jumamosi moja Roselyne alikuwa amekuja Matulo kumwona mamake wakati pikapu ya Mahesh iliposimama uani. Mahesh alishuka ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai. Ndani ya simu kulikuwa na uso wa Deepika.

"Mayi! Unaniona?"

"Nakuona, mama," Nasambu akasema. Machozi yalikuwa tayari yanamtoka. "Umekonda. Huko hawakupi chakula?"

Deepika alicheka. Alieleza kwa Kiswahili chake kilichobaki cha utotoni kwamba kila mwanaanga huruhusiwa kifuko kidogo cha vitu vyake mwenyewe. Mwenzake mmoja atabeba saa ya marehemu babake, mwingine kiatu cha kwanza cha mtoto wake, mwingine bendera ya shule aliyosoma. "Mimi nataka reso," akasema. "Ile ya maua. Ile ulinibeba nayo."

Alisema reso, kama Nasambu mwenyewe alivyosema na kama wasemavyo wengi wa pande hizo. Roselyne, ambaye walimu walimchapa mpaka akasema leso, alisikia sauti ya mamake ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

"Hiyo ndiyo ya kunizika nayo," Nasambu akasema.

"Nitairudisha, Mayi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Itazunguka dunia halafu ikuje nyumbani."

Nasambu alikuwa tayari ameinuka kwenda kufungua sanduku lake la bati. Roselyne alimfuata chumbani.

"Nasambu, mpe kitu kingine. Mpe ushanga. Mpe picha."

"Ameomba reso."

"Na mimi je, nikikuomba usiitoe?"

Nasambu alisimama na leso mikononi, akamtazama binti yake. "Wewe hujawahi kuniomba kitu," akasema, si kwa ubaya. Halafu akatoka nje akampa Mahesh.

Safari iliahirishwa. Mara chombo kilikuwa na hitilafu, mara hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mwaka ukaisha ikiahirishwa, na figo za Nasambu zikaanza kushindwa. Alilazwa hospitalini Bungoma, miguu imevimba, na kila Roselyne alipoingia wodini swali lilikuwa moja. "Reso imerudi?"

Roselyne alienda dukani kwa Mahesh, akasimama mbele ya misumari na mikebe ya rangi.

"Bwana Mahesh, mama yangu anakufa. Anataka leso yake."

"Rose, pole sana," Mahesh akasema, akatoka nyuma ya kaunta. "Lakini hiyo mfuko ilishafungwa. Wakishapima wakifunga, hawafungui. Hata Deepika mwenyewe hawezi."

"Basi mwambie ampigie simu. Amsikie tu. Mwambie hali ilivyo."

"Nitamwambia."

Simu haikupigwa. Nasambu alikufa Jumapili asubuhi, na siku ya mazishi Mahesh alileta leso mpya ikiwa bado kwenye nailoni yake. Wanawake wa Matulo walimshukuru. Roselyne aliifungua mwenyewe, akamfunika mamake nayo, lakini wanga wa kiwandani ulikuwa bado haujatoka. Leso ilikataa kulala. Ilisimama mabegani kama karatasi, na ilinuka duka. Roselyne aliibonyeza kwa viganja, akaibonyeza tena, mpaka shangazi mmoja akamshika mkono akamwambia wacha, inatosha.

Chombo kiliruka kaburi la Nasambu likiwa bado bichi na watu wakiendelea kumletea Roselyne pole. Roselyne alikuwa dukani Kitale, televisheni ndogo ikiwa juu ya rafu ya dawa za minyoo. Chepkosgei, mteja wake wa miaka mingi anayefuga ng'ombe wa maziwa upande wa Moi's Bridge, ndiye aliyesema, "Ongeza sauti, huyo si yule wa Bungoma?"

Deepika alikuwa anaelea, nywele zimesimama. Alitoa kitu mfukoni, akakiachilia, kikabaki hewani mbele ya uso wake kikigeuka polepole. Kilikuwa kitambaa kidogo cha kahawia, mraba usiozidi kiganja, na ndani yake nusu ya ua jekundu.

Roselyne alisogea karibu na skrini. Kingo zilikuwa zimekatwa kwa mkasi.

Deepika alieleza kwa Kiingereza kwamba kitambaa hicho kilitoka kwa mwanamke aliyemlea, kisha akatazama kamera na kubadili lugha. "Mayi, najua unaniangalia. Nakuja nyumbani."

"Si huyo anasema mama yako?" Chepkosgei akauliza.

"Ndiyo."

"Lakini mama si mlizika?"

"Tulimzika."

"Sasa huyu hajui?"

Roselyne alinyoosha mkono akazima televisheni. Wateja wengine wakalalamika, "Aah bana, washa!" Hakuwasha.

Deepika alikuja Bungoma miezi kadhaa baada ya kutua. Kulikuwa na sherehe imepangwa katika ukumbi mmoja Kanduyi, na viti vya mbele viliwekewa wakubwa. Asubuhi yake, alimwomba Roselyne aje nyumbani kwa Mahesh. Roselyne alimkuta sebuleni, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu, ambaye alisimama mara moja akaja na mikono wazi.

"Dada."

"Mimi ni Roselyne."

Mikono ikashuka. "Hawakuniambia," Deepika akasema. "Naapa. Waliniambia yuko hospitali lakini anaendelea vizuri. Nilijua nikishatua. Nilikuwa naongea na yeye kwa kamera, kumbe..."

Mahesh alikuwa ameketi pembeni, akitazama vidole vyake. "Angejua, labda wangemtoa kwa safari," akasema. "Kazi ya miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa nafikiria yeye."

"Ulikuwa unafikiria yeye," Roselyne akasema. "Kila mtu alikuwa anafikiria yeye. Hata Nasambu." Akamgeukia Deepika. "Leso iko wapi?"

Deepika alichukua kisanduku mezani, akakifungua. Ndani kulikuwa na fremu ya kioo. Upande mmoja ni kipande cha leso, upande mwingine picha ya dunia, na chini karatasi yenye muhuri ikithibitisha kwamba kitu hicho kimeizunguka dunia.

"Hii ni yako," akasema.

"Nimeuliza leso."

"Yote haingeenea, Roselyne. Kifuko ni kidogo, kila kitu kinapimwa kwa gramu. Nilikata vipande. Kimoja changu, kimoja cha wakubwa wangu, kimoja cha makumbusho, na hiki chako."

"Na ile ingine yote?"

Deepika alikiweka kisanduku mezani, na Mahesh akainua kichwa kumtazama.

"Nilikuwa mazoezini, mbali na nyumbani," akasema. "Mume wangu alikuwa anahama nyumba. Nguo zilizochakaa alizipeleka kwa watu wa misaada. Hakujua. Ilikuwa imekatwakatwa, alidhani ni tambara."

Roselyne alicheka, kicheko ambacho hata yeye hakukitambua. "Watu wa misaada. Basi iko njiani kuja. Siku moja watafungua marobota ya mitumba Kitale, niione hapo imetandikwa."

"Tafadhali. Alinipa kwa mapenzi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilikuwa mtoto. Sikujua ana mtoto mwingine mpaka nikawa mkubwa."

"Mwingine?" Roselyne akasema. "Mwingine ni nani? Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza."

Deepika aliweka mkono mdomoni. Mahesh aliinuka akatoka nje.

Kwenye sherehe Roselyne alikataa kupanda jukwaani. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akasikiliza watu wakipiga makofi jina la mamake lilipotajwa. Walilitamka vibaya. Baadaye Deepika hakungoja chakula. Alimwomba Mahesh ampeleke Matulo pamoja na Roselyne, ambaye alikuwa amebeba ile fremu.

Alikuwa amepanga kuchimba shimo dogo kaburini na kukifukia kipande chake hapo, kando ya Nasambu. Lakini kaburi lilikuwa limeshapigwa simiti. Roselyne ndiye aliyelilipia, na hakuwa amemwambia mtu. Deepika alipiga magoti juu ya simiti ile ngumu, akaanza kusema. Hakusema Kiingereza wala Kiswahili. Alisema Kibukusu cha mtoto mdogo, maneno yasiyokamilika, yale ya kumbembeleza mtoto alale, ambayo Roselyne aliyajua kwa sauti ya nyanyake peke yake.

Roselyne alitamani kulia, na machozi hayakuja. Alichokuwa nacho ni hasira, na hata hasira hiyo haikupata pa kukaa, kwa sababu mwanamke aliyepiga magoti mbele yake alikuwa analia kama mtu aliyefiwa na mamake.

Roselyne aligeuza fremu, akabandua vijisumari vya nyuma kwa ufunguo wa nyumba, akatoa kitambaa. Alikinusa. Hakikunuka moshi wala sabuni ya mche aliyotumia Nasambu. Kilikuwa kimesafishwa kikanuka dawa, kama bandeji. Alimnyooshea Deepika fremu tupu na karatasi yake yenye muhuri.

"Shika. Hii siihitaji."

Deepika aliinuka, akaipokea. Halafu akatoa mfukoni kipande chake mwenyewe. "Chukua na hiki," akasema.

Roselyne alikichukua. Hakusema asante. Alivipanga vipande viwili kwenye kiganja, akajaribu kuviunganisha, nusu ya ua na nusu ya ua. Havikukutana. Yalikuwa maua mawili tofauti, na kitambaa kilichokuwa katikati yao kilikuwa kimekwenda.

"Tulikuwa tunaweza kuwa ndugu," Deepika akasema kwa sauti ya chini.

"Labda," Roselyne akajibu. "Lakini alikuwa na mgongo mmoja."

Mahesh alipiga honi taratibu kutoka barabarani. Deepika alibaki amesimama kidogo, fremu tupu kifuani, kisha akaenda. Roselyne hakuwasindikiza.

Jumatatu alifungua duka kama kawaida. Chepkosgei alikuja kutafuta dawa ya kupe, akaegemea kaunta na kuuliza yule mwanaanga ni mtu wa aina gani.

Roselyne alishusha chupa kutoka kwenye rafu, akaipangusa vumbi kwa kitambaa cha duka.

"Ni mtu mzuri," akasema, na ikamkera sana kwamba ilikuwa kweli.